Tulilipa kutafutiwa ukoo wa Ayalandi, tukaletewa Ellis Island

Ellis Island, kile kituo cha New York cha kupokelea wahamiaji, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Wa kwanza kuandikishwa pale alikuwa msichana kutoka Cork, Ayalandi, Annie Moore. Mimi mzaliwa wa Thika, niliyeolewa hapa Lowell, Massachusetts, nayajua hayo. Wasioyajua ni watafiti wa nasaba tuliowalipa pesa nzuri mwaka jana, ili mama mkwe apate zawadi ya kutimiza miaka 80.

Kitabu kilikuja kizuri, jalada la kijani, karatasi nzito. Nikafungua ukurasa wa nne: ati babu wa babu yake alipita Ellis Island mwaka 1847, na karani wa pale ndiye aliyeikata ile "O" ya O'Sullivan. Mwaka 1847! Hata Castle Garden, kituo cha New York kilichotangulia, kilikuwa bado miaka minane kifunguliwe. Na makarani wa Ellis Island hawakuwa na kazi ya kuwabatiza watu upya. Walisoma orodha za abiria zilizokuja na meli.

Ningecheka, kama si kwamba familia hii ina habari yake. Mama mkwe amekua akisikia kwamba mzee huyo, alipokimbia ile njaa ya Ayalandi viazi vilipooza shambani, alishukia Kanada, kwa sababu nauli ya huko ilikuwa nafuu, na kwamba dada yake alizikwa Grosse Île, kile kisiwa cha karantini karibu na Quebec. Mwaka huo wa 1847 pekee walizikwa pale watu zaidi ya 5,000, wengi kwa homa ya meli, yaani typhus. Ndiyo habari aliyotaka ithibitishwe. Katika kitabu kizima huyo dada hayumo. Amefutwa, mahali pake pamewekwa picha ya Sanamu ya Uhuru, ambayo nayo mwaka 1847 haikuwepo.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea akaniambia hizo ni hadithi za mabibi, na kwamba kumbukumbu zote za Ayalandi ziliungua 1922. Nikamjibu: zilizoungua ni zile zilizokuwa kwenye jengo la Four Courts, Dublin, sensa za zamani zikiwemo. Vitabu vingi vya ubatizo vya Wakatoliki vilikuwa huko makanisani, havikuguswa, na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeviweka mtandaoni bure tangu 2015. Akanyamaza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Samahani, wewe ni nani hasa katika familia hii? Maana husikiki kama Mwairishi."

Mimi ndiye mke wa mwana wao aliyelipa, baba. Na watoto wangu wamebeba majina ya babu zao wawili kwa mpangilio uleule waliofuata Waairishi wa zamani, mvulana wa kwanza kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Sisi Wakikuyu hatukuhitaji kuelezwa hilo na mtu wa simu.

Niseme haki. Kuna ukurasa mmoja wa maana: ule wa Griffith's Valuation, daftari la kodi la miaka ya 1850, unaoonyesha kitongoji chao karibu na Skibbereen na nani alikuwa jirani ya nani. Mama mkwe aliusoma kwa sauti, jina baada ya jina, mpaka chai ikapoa. Kwa ukurasa huo nilikuwa tayari kutoa nyota tatu. Tena kukosea mtu kwenye kazi hii si ajabu. Hata Annie Moore mwenyewe alichanganywa miaka mingi na mwanamke mwingine, mzaliwa wa Illinois, hadi 2006 ilipobainika kwamba yule wa kweli alibaki New York na amezikwa Queens.

Lakini ngojeni. Juzi nilikuwa napekua viambatisho vya nyuma, zile picha za rejista za kanisa zilizoandikwa Kilatini. Yumo. Dada mtu, wazazi walewale, kitongoji kilekile, amebatizwa miaka michache baada ya kaka yake. Walimpiga picha wenyewe, wakamchapa wenyewe, wakamjalidi wenyewe, na hakuna aliyemsoma! Halafu mimi ndiye naulizwa ni nani.

Hizo nyota tatu nazirudisha. Nabakiza moja, ya mpiga picha.

Wamenitumia barua pepe wakinipa punguzo kwenye utafiti mwingine, ati niwatafutie wateja miongoni mwa marafiki. Nimewajibu kwamba kwanza wachape upya ukurasa wa nne, waondoe Ellis Island, wamwandike yule dada kwa jina lake. Pesa tutaongea baadaye. Mpaka leo kimya.