Masikio ya kijani ya Barbie wa zamani: krimu ya chunusi ya asilimia 10 mezani

Karibuni, karibuni, sogeeni karibu na skrini maana leo picha inatangulia maneno. Tazameni sikio hili la kushoto la mdoli huyu. Mnaona kijani hicho? Kimeanzia kwenye tundu la hereni, kikashuka kwenye ndewe, na sasa kinatambaa kuelekea shavuni. Haya, nageuza kichwa. Sikio la kulia, siku 14 zilizopita, lilikuwa vilevile. Sasa hivi angalieni! Hakuna rangi iliyopakwa juu, na taa ni ileile. Kilichofanya kazi hiyo ni tyubu hii hapa: krimu ya chunusi, benzoili peroksaidi ya asilimia 10, inayouzwa duka la dawa. Nina furaha nayo na nina hasira nayo, na vyote viwili nitavieleza.

Barbie mwenyewe sitamweleza sana, mnamjua. Mdoli wa kampuni ya Mattel, alizinduliwa Machi 1959 New York kwa bei ya dola 3, urefu sentimita 29 na kidogo, yatosha. Huyu aliye mezani ni Bubblecut, yule wa nywele fupi za mviringo, aliyetengenezwa kuanzia 1961 hadi 1967. Na kabla sijasahau, kwa sababu kila wiki mtu anaandika “nina Barbie wa 1958”: mwaka mnaouona umechapwa kwenye makalio ni mwaka wa haki miliki, si mwaka wa kutengenezwa. Mwaka 1958 hakukuwa na Barbie dukani. Alama yenye 1958 imeendelea kuchapwa kwenye miili ya miaka mingi iliyofuata. Muuzaji akikupandishia bei kwa alama hiyo, mwambie asante, endelea na safari yako.

Sasa kijani kinatoka wapi? Barbie hawa wa mwanzo walitobolewa masikio, wakavishwa hereni za lulu ya bandia zenye pini ya metali yenye shaba. Kichwa ni PVC laini, yaani plastiki ya vinili, na PVC inalainishwa kwa kilainishi, kitu cha mafutamafuta kinachokaa ndani ya plastiki na kutembea taratibu miaka nenda miaka rudi. Plastiki inapozeeka inatoa asidi kidogo. Asidi inaigusa shaba, inazaliwa kutu ya kijani kama ile ya sufuria ya shaba iliyosahaulika stoo, kisha kilainishi kinaibeba na kuizamisha ndani. Ndiyo maana ukisugua kwa sabuni na mswaki hupati kitu. Doa haliko juu ya ngozi ya mdoli, liko ndani ya nyama yake.

Krimu inaingia hapo. Benzoili peroksaidi huvunjika ikipata joto na mwanga, na vipande vyake ndivyo vinavyoshambulia rangi na kuifanya ififie. Krimu inashikana vizuri na vinili. Basi, kemia imetosha, twende kazini, maana wengi mnaharibu kwenye hatua ya kwanza kabisa.

Hatua hiyo ni kutoa hereni. Kibano hiki chembamba, mnashika lulu karibu kabisa na ngozi, mnavuta moja kwa moja kuelekea nje. Msizungushe! Pini iliyooza ukiizungusha inakatika, kipande kinabaki ndani, na kipande hicho kitaendelea kutoa kijani hata ukipaka krimu mwaka mzima. Ikigoma, pasheni kichwa moto kwa draya kwa dakika moja, umbali wa shibiri, plastiki ilegee. Ikiwa tayari imekatika, itawabidi mvue kichwa mkaitoe kwa ndani.

Na kuvua kichwa kuna adabu yake. Shingo ya Bubblecut ina kifundo, na ukingo wa kichwa umekaa juu ya kifundo hicho. Miaka 60 imeukausha ukingo. Ukivuta baridi, unapasuka nyuma chini ya nywele, ufa mdogo kama wa kucha, na thamani imeshuka hapohapo. Kwa hiyo: draya dakika 2 mpaka 3, mkizungusha mdoli, mpaka mkibonyeza mashavu yaingie ndani kirahisi. Halafu mnabonyeza kichwa kwa pembeni, mnakitikisa kushoto na kulia huku mkiinua. Kikikataa, rudisheni joto. Msiongeze nguvu.

Mimi napendekeza kichwa kivuliwe hata kama pini imetoka salama. Sababu: ukuta wa kichwa ni mwembamba, na doa limepita upande wa pili. Tazameni kwa tochi, hapa kwa ndani. Mnaona duara? Ni jeusi kuliko la nje. Anayepaka nje peke yake anasafisha uso wa kisima.

Osheni sikio kwa sabuni ya vyombo kidogo na pamba za masikio, kausheni. Maji yakibaki tunduni yanaipunguza nguvu krimu.

Sasa kinga. Nywele zote mnazikusanya juu, mnazifunga kwa nailoni ya kufungia chakula, kisha karatasi ya foili juu yake. Uso nao foili. Nataka kionekane kitu kimoja tu, sikio. Nakata tundu la ukubwa wa shilingi kwenye foili, nalipanga juu ya doa, hivi. Foili ina kazi mbili: inazuia krimu isifike kwenye nyusi na wekundu wa mashavu, ambao ni rangi iliyopulizwa na haina mbadala, na inazuia jua lisifike kwingine.

Kiasi cha krimu: punje ya dengu kwa nje, punje ya dengu kwa ndani. Unene wa milimita 2. Kijiti cha meno kinaisukuma mpaka ndani ya tundu. Juu yake kipande cha nailoni, kibonyezwe kisiwe na hewa. Hii nailoni ndiyo siri ya mchezo wote! Krimu ikikauka imekufa, inakuwa unga mweupe usiofanya lolote. Watu wanasema “nimepaka wiki nzima haikubadilika”, ukiwauliza walifunika na nini, kimya.

Halafu jua. Na hapa ndugu zangu wa Dar, Mombasa, Zanzibar na Muscat, nawaomba masikio yenu. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanaposema “weka dirishani wiki 3”, dirisha lao si dirisha lenu. Jua la hapa saa sita mchana linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linaamsha krimu, na linakilegeza kichwa mpaka kinabonyea kwa uzito wake. Wekeni jua la asubuhi, saa 1 hadi saa 4, halafu rudisheni kivulini. Kichwa kikae juu ya kikombe kidogo, kisilalie shavu. Ndani ya gari, kamwe. Juu ya bati, kamwe.

Kila siku mnaosha, mnatazama kwenye mwanga wa dirishani, mnapaka upya. Doa jepesi la rangi ya chai ya mchaichai linaweza kuisha kwa siku 3 hadi 5. La kijani kizito kama hili linataka wiki 2 hadi 3.

Sasa hasira yangu. Krimu hii haijui kusimama. Haichagui kijani peke yake, inafifisha na rangi ya ngozi ya mdoli pia. Ukiiachia ndani ya tundu lilelile la foili siku nyingi, unapata duara jeupe kuzunguka sikio, na weupe huo haurudi. Hakuna dawa yake! Nasogeza kamera: huyu wa pili, wa nywele nyekundu. Doa limekwisha, kweli, lakini ana duara jeupe kama mwezi limezunguka ndewe. Kati ya huyu na yule mwenye kijani kidogo kilichobaki, mimi namchukua mwenye kijani. Kwa hiyo simameni doa likibaki kidogo, sehemu moja katika kumi. Na kila siku badilisheni kidogo ukubwa wa tundu la foili, ukingo usiwe na mstari mkali.

Kwa midoli ya ngozi nyeusi, tahadhari mara tatu. Christie wa 1968, Julia wa 1969, midoli wenzake Barbie, hao hawasamehe. Weupe ambao kwa Bubblecut unahitaji wiki kuonekana, kwao unaonekana mapema, na unaonekana ukiwa mbali. Doa la wino au la nguo kwa Christie, anzeni na asilimia 2.5, kivulini, mkikagua kila baada ya saa 2, na jaribuni kwanza mahali pasipoonekana, chini ya nywele. Na wale mnaouliza kwa nini nywele za Christie au Julia zimekuwa nyekundu: ni rangi ya nywele yenyewe iliyobadilika kwa umri. Krimu haihusiki na haitazirudisha, msiipake huko.

Dukani, someni tyubu. Zipo za asilimia 2.5, 5 na 10. Kwa masikio ya Bubblecut nachukua 10, na 5 kama doa ni jepesi. Msichukue yenye rangi ya ngozi, ile inayoficha chunusi, itaacha doa jingine juu ya doa. Msichukue sabuni ya uso, ile imetengenezwa isuuzwe. Asidi ya salisili ni dawa nyingine ya chunusi, haifanyi kazi hii hata ikikaa rafu moja na tyubu inafanana. Vaeni glavu, inachoma ngozi laini. Na inachujisha kitambaa: taulo, kitambaa cha meza, kanga yako ya doti mpya. Nguo za mdoli ziwe chumba kingine kabisa.

Wapinzani wa krimu hii nitawapitia haraka. Siki: inang'arisha kutu ya juu ya pini, doa la ndani haligusi. Dawa ya meno: inakwangua, inaondoa mng'ao wa vinili na kuacha sikio lina ukungu. Jiki: tafadhali. Asetoni: inakula rangi ya uso kabla hujahesabu tano. Dawa maalumu zinazouzwa kwa wakusanyaji wa midoli zipo, nyingine ni nzuri, lakini ukijumlisha usafirishaji na ushuru mpaka ikufikie, tyubu moja inaweza kukaribia bei ya mdoli. Duka la dawa la mtaani lina kitu kinachofanya kazi.

Na tukishataja bei. Bubblecut mwenye masikio ya kijani huuzwa chini ya mwenzake msafi, na kwa anayejua kazi hii hapo ndipo penye nafasi. Lakini ombeni picha 3 kabla ya kulipa: sikio la kushoto bila hereni, la kulia bila hereni, na nyuma ya shingo nywele zikiwa zimeinuliwa. Picha zote mchana, bila flashi. Muuzaji anayekataa kutoa hereni “zisiharibike” ameshakujibu. Kijani kikiwa kimefika kwenye pembe ya jicho au chini ya wekundu wa shavu, acheni. Huwezi kupaka krimu hapo bila kupoteza uso, na uso ndio mnaolipia.

Doa likitoka, pini za zamani zisirudi masikioni. Ziwekeni kwenye kimfuko chenye jina la mdoli, mnunuzi wa baadaye atazitaka. Mvisheni mdoli pini za chuma kisichoshika kutu, au lulu zilizokatwa pini na kushikizwa kwa tone la gundi ya maji inayotoka kwa kuosha. Wengine wanapaka pini ya zamani rangi ya kucha isiyo na rangi. Ni sawa kwa maonyesho ya siku moja. Siiamini kwa miaka, maana pini ikikwaruza tundu inapoingia, shaba imeshapata mlango.

Tangazo fupi: kuanzia mwezi ujao video zinahamia Jumamosi jioni. Ijayo ni nywele. Mmeniuliza sana kama rasta za saluni zinafaa kushonea nywele mpya. Kanekaloni ni nyuzi ya kampuni ya Kaneka ya Japani, ndiyo hiyohiyo mnayosukiwa, na midoli mingine kweli ina nywele hizo. Lakini Barbie wa miaka hii ya mwanzo ana sarani, nyuzi nzito zaidi na yenye mng'ao wake, na maji ya kutokota mnayochovyea ncha za rasta si ya kumwagia mdoli wa 1962. Nitaonyesha zote mbili kwa kipimajoto. Bonyezeni kengele.

Nisiondoke bila kuwaonyesha hili. Kipande hiki kimerekodiwa saa 48 baada ya sikio la kulia kuoshwa, bila krimu, likiwa kabatini. Kuzeni picha. Mnaona kivuli hapo chini ya tundu, kijani hafifu kama maji ya mchicha? Jana hakikuwepo. Ni shaba iliyokuwa imezama chini zaidi, sasa kilainishi kinaipandisha. Hajaharibika. Duru ya pili inaanza sasa hivi: asilimia 5, kwa ndani tu, siku 4, kivulini. Naweka nailoni.