Habasoda ya Marikiti: nzima naikubali, ya unga siirudii

Ukienda Marikiti, soko la Mombasa, kutafuta habasoda ya kupikia, usianze na bei. Omba punje chache, uzitafune. Muuza viungo ninayenunua kwake, mzee wa makamo mwenye duka jembamba karibu na soko, huzimwaga mwenyewe kiganjani mwa mteja: "Tafuna mwanangu. Isipokupanda puani, iache hapa hapa." Iliyo nzuri huanza na uchungu mdogo, halafu ukali unaokaribia pilipili manga, na harufu inabaki mdomoni hata ukishameza.

Mimi naoka mikate ya maziwa ya kuuza, na mwezi wa Ramadhani oda huzidi, kwa hiyo kiungo kibovu nakijua siku ile ile. Habasoda ya duka hili naipaka juu ya mkate baada ya kupitisha yai, bila kuikaanga kwanza, maana joko lenyewe linaikaanga. Mkate ukitoka, wateja wanauliza umetiwa nini. Kwenye achari ya maembe naitia nzima pamoja na uwatu na shamari, kwenye mafuta ya moto, moto ukiwa mdogo. Ikiungua inakuwa chungu na hapo hakuna sukari itakayoiokoa.

Nililonunua na kujuta ni pakiti ya unga kutoka supamaketi moja ya mjini. Imefungwa vizuri, picha ya ua la samawati mbele, ndani vumbi lisilo na harufu. Sishangai. Ukali wa habasoda uko kwenye mafuta yake, na ukishaisaga yanaanza kupotea. Tena unga huwezi kuukagua. Punje nzima unaitazama: nyeusi isiyong'aa, ina kona kona, ukiipasua ndani ni nyeupe. Ufuta mweusi ni bapa na laini, na mbegu za kitunguu zina makunyanzi. Zote mbili nimeziona zikiwekwa jirani na habasoda, na mtu mwenye haraka hatofautishi. Pua ndiyo inayotofautisha.

Hilo ua la kwenye pakiti angalau ni la kweli. Mmea wenyewe, Nigella sativa, ni mfupi, majani yake membamba kama nyuzi, maua ya samawati hafifu au meupe. Ua likishapukutika hubaki kifuko kinachovimba, na humo ndimo zinamokomaa punje. Hulimwa sana India, Misri na Ethiopia. Ya mzee wangu, anavyosema, hutoka India.

Bei ni ya juu kidogo. Mara ya mwisho robo kilo ilikuwa shilingi 250, na huyu mzee hapunguzi, hata umuamkie vipi. Naona ni haki, kwa sababu kijiko kimoja kinatosha mikate kadhaa.

Lawama yangu ni kwenye ufungaji. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, yeye anafunga kwa karatasi, na kwa unyevu wa Mombasa karatasi hailindi kitu. Nabeba chupa yangu ya kioo yenye kifuniko, anapimia humo, basi.

Wengi wanaonipita dukani hununua kwa ajili ya tiba, kwa ile hadithi mashuhuri ya Mtume kwamba ni dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Sina neno na hilo. Ila yule kijana anayemsaidia mzee aliwahi kumshauri mama mmoja mjamzito anywe vijiko vizima kila asubuhi, na hapo niliingilia. Kunyunyiza kwenye mkate ni chakula. Kunywa kwa wingi ukiwa na mimba, au ukiwa kwenye dawa za sukari au presha, muulize daktari kwanza. Mzee mwenyewe alinikubalia, akamwambia kijana apime tu na aache udaktari.

Nendeni asubuhi. Mchana duka linajaa na nafasi ya kuonja hupati.