Pini tisa kwenye kitabu cha mtoto: uzoefu wangu na huduma ya kuazima vitabu

Nimezihesabu mwenyewe, pini tisa za stepla. Kurasa sita za kitabu cha mtoto zimebanwa juu, chini na pembeni kama bahasha ya mtihani wa taifa, halafu kwa kalamu nyekundu mtu ameandika: Kumb. 18:10, yaani ule mstari wa Kumbukumbu la Torati unaokataza uchawi.

Huduma yenyewe sina ugomvi nayo. Au tuseme sikuwa nao. Vitabu vya hadithi hapa Mwanza ni ghali, kwa hiyo nilifurahi kupata mtu wa kuazimisha: unalipa kwa mwezi, bodaboda anakuletea mlangoni, mkimaliza anakuja kuvichukua. Tumekwenda hivyo miezi kadhaa bila neno. Juzijuzi binti yangu wa darasa la sita akaagiza kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kile kilichotoka Uingereza mwaka 1997 na tangu hapo kinagombanisha watu wa dini. Nalijua hilo, sijatoka porini. Huko Marekani, mji wa Alamogordo, New Mexico, kanisa moja lilivichoma moto vitabu hivi mwishoni mwa 2001. Wale angalau hawakunilipisha mimi. Subirini nitafika.

Nikampigia dada wa maktaba. "Ndiyo mama, nimebana mimi. Hapo wanafundisha watoto uchawi. Ungetakiwa unishukuru." Nikamuuliza, wewe umekisoma? Akanijibu bila aibu, "Kitabu cha uchawi hakisomwi mama, kinatambuliwa."

Kinatambuliwa! Sentensi hiyo imenikaa kooni mpaka leo.

Maana alichokibana ni nini? Kipindi cha darasani, watoto wanajifunza kupaisha unyoya. Kule mbele, msituni usiku, ambako kiumbe kimejifunika kinakunywa damu ya mnyama aliyeuawa, mahali ambapo hata mimi nilihisi baridi, hakuna hata pini moja. Na mtoto alifanya nini? Alikwenda jikoni akachukua uma, akazing'oa zote tisa, akasoma hizo kurasa sita kabla hata hajagusa ukurasa wa kwanza. Akanijia amenuna: "Mama, ni unyoya tu."

Mimi pia ni mtu wa kanisani, na Kumbukumbu la Torati naijua. Lakini hata 1 Samweli 28 ipo, Sauli amejigeuza mavazi anamwendea mwanamke wa Endori usiku, amwinulie nabii aliyekwisha kufa. Mbona Biblia yangu niliinunua haina pini?

Hata hivyo nikitulia namwelewa kidogo. Wiki hiyo mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kutoka Shinyanga kutibiwa macho. Binti yangu akamsimulia kwa furaha zote kwamba hiki ni kitabu cha shule ya wachawi. Hapo ndipo lugha inatuponza. Kwa Kiingereza neno lile lina kofia ndefu na fimbo ya kuchezea. Kwetu mchawi ni yule anayeua mtoto wa jirani. Anayetibu tunamwita mganga, wa kuchekesha watu ni wa mazingaombwe, na mchawi mwema bado hatujamzaa. Mama mkwe hakucheka. Kwao mabibi wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni moshi wa jikoni wa miaka yote. Akauliza taratibu, "Hao wachawi wa huko wana macho ya rangi gani?"

"Huyu wetu ana macho ya kijani, bibi."

Akanyamaza muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Baada ya hapo hasira zilinitoka. Nikasema huyu dada hofu yake haikutoka hewani, angenipigia tu akaniuliza tungeelewana. Nikawa na nyota nne za kumpa, nikaanza hata kumwandikia ujumbe wa kuomba radhi kwa jinsi nilivyomfokea.

Wa kwake ukatangulia. "Mama, kitabu kimerudi kina matundu. Faini ni 15,000."

Matundu ya pini zake! Nikamtumia picha ya maandishi yake mekundu, akajibu kwamba maandishi ni huduma, matundu ni uharibifu. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa bodaboda ambaye ana adabu kuliko ofisi nzima.

Faini sijalipa. Ada ya mwezi huu, sitaficha, nimelipa, kwa sababu mtoto analilia kitabu cha pili na kwingine sijakiona. Kikija nakifungua palepale getini, ukurasa kwa ukurasa, bodaboda akiwa bado na helmeti kichwani.