Kufuta, kuhariri, kushikilia: nimezitumia zote tatu, na hizi ndizo nyota zangu

Mimi ni mtu wa kuandika kwanza na kufikiri baadaye. Ndiyo maana WhatsApp ilipoleta uwezo wa kufuta ujumbe kwa wote, mwaka 2017, nilishangilia kuliko wengi. Mwanzoni ulipewa dakika 7 tu za kujirudi. Tangu 2022 muda umevuka siku mbili. Siku mbili! Unamtukana mtu Ijumaa, unatubu Jumapili.

Kazi yake inaifanya, sina ubishi. Ila tazama kinachobaki. Kwenye simu yangu panaandikwa kwamba nimeufuta ujumbe. Kwenye simu ya mwenzangu panaandikwa kwamba ujumbe umefutwa. Aliyetenda hatajwi, kama mtoto anavyosema kikombe kimevunjika. Nilikaa miaka bila kuona tofauti hiyo, labda kwa sababu ilinifaa.

Usiku mmoja, kwenye kundi letu la ndugu, tulikuwa tunapanga zamu za kumpeleka mama kliniki. Nikamwandikia dada yangu: "Wewe ukijisikia ndiyo unakumbuka una mama." Nikaufuta hata kabla ya nusu dakika. Akanifuata pembeni: "Mdogo wangu, umefuta kwenye simu. Mimi nimeshausoma kwenye kioo, hata sijaufungua." Nikajitetea kwamba alinikasirisha. Jibu lake ninalo hadi leo: "Kukukasirisha, nimekukasirisha. Kuandika nako nimekuandikia mimi?"

Kufuta: nyota tatu.

Kuhariri kulikuja 2023, na unapewa dakika 15. Kwa herufi zilizorukwa ni neema, ningetoa nyota tano bila kufikiri. Pembeni ya ujumbe panabaki alama kwamba umehaririwa, lakini mpokeaji haoni ulikuwa unasemaje, wala simu yake hailii tena kumjulisha. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijivunii. Niliandika kwamba kaka amezoea kutupangia kama wafanyakazi wake. Akajibu kwa ukali. Nikarudi kwenye ujumbe wangu nikaugeuza: kaka ametupangia vizuri, tumshukuru. Waliofungua kundi baadaye wakamkuta mtu mzima anafoka baada ya kushukuriwa. Wifi akamuuliza kulikoni. Mmoja akasema apumzike, huenda ni uchovu. Mimi nilikuwepo, nasoma kila kitu, na karibu saa nzima sikuandika neno. Alama ya kuhaririwa ilikuwa pale pale, ndogo, na hakuna aliyeitazama. Mwishowe niliuandika tena ujumbe wa kwanza kama ulivyokuwa, neno kwa neno, nikaweka jina langu chini yake ingawa lilishaonekana juu.

Kifaa hakina kosa hapo, lakini mikononi mwa mtu kama mimi ni nyota mbili.

(Tiki za bluu nazo nilizizima, nikijiona mjanja. Ukizima zako huoni za wengine, na kwenye makundi zinaendelea kama kawaida. Nimeziwasha tena.)

Ninachokipenda kweli ni cha barua pepe. Gmail ina kitufe cha kutendua baada ya kutuma, na kwenye mipangilio unachagua sekunde 5, 10, 20 au 30. Wengi hudhani barua inaitwa irudi. Hairudi. Inashikiliwa tu hadi sekunde ziishe, kisha inakwenda na hakuna wa kuifuata. Kwa hiyo ukighairi, hakuna aliyesoma, hakuna alama, hakuna wa kudanganywa. Neno bado liko mdomoni. Nimeiweka 30 na siigusi.

Kasoro ni kwamba hasira yangu haiishi kwa sekunde 30. Inachukua kama saa moja na nusu, nimeipima. Kwa hiyo barua za usiku nazipangia ziondoke saa mbili asubuhi, na nikiamka nazisoma kama nimeandikiwa mimi. Nyingi huwa nazighairi nikiwa bado kitandani. Nyota nne na nusu. Nusu naibana kwa sababu kwenye kundi la ndugu sina kitu kama hicho, huko inabidi nijishikilie mwenyewe.

Dada hajanisahaulisha. Nikimtumia kitu kirefu, kabla ya yote huuliza: "Nisome sasa, au nisubiri siku mbili zipite?"