Raba Ngumu za Habu ya Pikipiki: Nilichokiona kati ya Tanga na Amani

Kwa miezi mitano nimetumia kwenye Boxer 150 yangu raba za habu (kitovu cha gurudumu) zilizotengenezwa kwa poliyurethini, aina ya plastiki ngumu inayonyumbulika, zile nyekundu ambazo baadhi ya maduka ya spea ya Ngamiani, mjini Tanga, huziuza kama badala ya raba nyeusi za kawaida. Nililipa shilingi 18,000, karibu mara tatu ya bei ya zile nyeusi katika duka hilohilo. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaobeba mizigo, kwa kuwa muuzaji aliniahidi mambo mawili na ni moja tu lililotimia.

Raba hizi hukaa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, zikibanwa na sahani inayobeba sproketi, yaani gurudumu la meno linalovutwa na cheni. Cheni huvuta sproketi, sproketi huzigandamiza raba, na raba ndizo zinazolisukuma gurudumu, hivyo mshtuko wa kuachia klachi, wa kubadili gia au wa kupunguza mafuta ghafla kwenye mteremko hupungua humo kabla ya kupita kwenye cheni na kwenye gia. Ukitaka kujua kama zako zimekwisha, isimamishe pikipiki kwa stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa na gia imeingizwa, kisha litikise gurudumu mbele na nyuma huku ukiitazama sproketi. Cheni ikiwa imeshakaza na sproketi imetulia, lakini gurudumu bado linacheza, pengo hilo ni la raba. Watu wengi hununua cheni mpya bila kulikagua jambo hili, na cheni hiyo huanza kupigwa tangu siku ya kwanza.

Ahadi ya kwanza ilikuwa kudumu, nayo nimeiona kwa macho yangu. Tulipofungua habu mwezi huu, raba nyekundu hazikuwa na ufa wala hazikuvimba, ingawa oili ya cheni ilikuwa imeziingilia. Zile nyeusi nilizozitoa zilikuwa zimelainika na kuvimba kwa oili hiyohiyo.

Ahadi ya pili ilikuwa safari tulivu, na hapo sikubaliani na muuzaji hata kidogo. Kwenye lami ya kwenda Muheza, kwa gia ya nne, tofauti ni ndogo mno. Lakini kutoka Zigi kupanda Amani, nikiwa na mzigo nyuma na nikilazimika kuongeza na kupunguza mafuta kwa kila kona na kila jiwe, nilisikia pigo kwenye kiti na kwenye vikanyagio kila gia ya kwanza au ya pili ilipovuta, na wakati wa kuteremka pigo lilirudi kwa upande wa pili. Cheni nayo ilitaka kukazwa mara nyingi kuliko zamani. Ugumu unaoifanya raba isiliwe ndio huohuo unaoifanya isibonyee, na kazi yake humo ndani ni kubonyea.

Ufungaji nao ulinisumbua. Vipande nilivyouziwa vilikuwa vinene kidogo kuliko nafasi yake, na fundi wa dukani akavipigilia kwa nyundo huku akiniambia, "Kaka, vitazoea tu." Havikuzoea. Fundi mwingine, wa Makorora, alivitoa, akanionesha kimoja kilichopondeka ukingoni, kisha akavirudisha kwa maji ya sabuni baada ya kuvipunguza kidogo. Duka lilikataa kunibadilishia.

Anayezunguka mjini bila mzigo, tuseme kati ya Chumbageni na Raskazone, anaweza kuzinunua na hatajuta. Mimi nimerudisha nyeusi zenye ubora wa kiwandani, na nitazibadilisha kila ninapobadilisha cheni. Kwa atakayezichagua nyekundu, aende dukani na kipande cha zamani mkononi, akipime na kipya kwa unene na urefu kabla ya kutoa fedha.