Leseni ya uuguzi Uingereza bila wakala: uzoefu wangu

Ilinichukua miezi 23 kutoka siku niliyofanya uamuzi hadi siku namba yangu ya usajili ilipotoka. Minne kati ya hiyo nilimpa wakala, pamoja na shilingi milioni mbili na nusu, na sikupata chochote. Naandika kwa sababu kila wiki napokea ujumbe kutoka kwa wauguzi wenzangu wa Moshi, Mwanza na Mbeya, na karibu wote wanauliza swali moja: "Dada, nielekeze wakala mzuri." Kwa leseni ya Uingereza huhitaji wakala.

Mimi nina stashahada ya uuguzi. Nilifanya kazi miaka sita mkoani Kilimanjaro, mitatu ya mwisho nikiwa wodi ya upasuaji ya wanaume. Januari 2023 nililetewa jina la mtu aliyesifiwa kwamba "anapeleka manesi Uingereza". Alichukua pesa, akachukua nakala za vyeti vyangu, akaniambia nitulie. Mwezi wa nne simu ikawa haipokelewi. Nilipokaa mwenyewe na kompyuta ya kaka yangu nikafungua akaunti katika tovuti ya NMC, yaani Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, nikakuta hakuna hata hatua moja inayomhitaji mtu wa kati. Kufungua akaunti ni bure. Maelekezo yote yapo pale kwa Kiingereza rahisi.

Kuna jambo ambalo kama ningelijua mapema lingeokoa pesa zangu. Tanzania ipo katika orodha nyekundu ya Uingereza, ambayo inafuata orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Wengi wetu tunasikia "orodha nyekundu" tunadhani tumefungiwa mlango. Sivyo. Waliokatazwa ni waajiri na mawakala kuja kututafuta. Muuguzi akiomba mwenyewe, kwa hiari yake, anapokelewa kama wengine. Kwa hiyo mtu anayekuambia ana mkataba wa kupeleka wauguzi wa Tanzania Uingereza anakuambia kitu ambacho utaratibu wao wenyewe unakikataza. Isitoshe, sheria ya kule haimruhusu wakala kumtoza mtu pesa kwa kumtafutia kazi. Wenzetu wa Kenya hali yao ni tofauti kidogo, maana serikali yao na ya Uingereza zilitia saini makubaliano mwaka 2021, lakini hata wao sehemu ya leseni kila mtu anaipitia mwenyewe.

Ada nilizozikuta mwaka 2023 ni hizi: pauni 83 kwa mtihani wa kompyuta, 140 kwa kukaguliwa sifa, 794 kwa mtihani wa vitendo na 153 kwa usajili. Jumla 1,170, zaidi ya shilingi milioni tatu. Hazilipwi zote kwa mara moja, na waajiri wengi wanalipia ule wa vitendo mara ya kwanza. Wa kwangu alilipa. Soma mkataba lakini, kwa sababu nyingi zina kipengele cha kurudisha gharama ukiondoka mapema.

Kiingereza ndicho kilichonitoa machozi. NMC wanataka IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ya alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Nilifanya Dar es Salaam mwezi Juni, vyote vikapita isipokuwa kuandika: 6. Nusu alama. Nilirudi Moshi nikiamini nimerudi mwanzo kabisa. Baada ya siku mbili ndipo nikasoma kwamba wanakubali kuunganisha matokeo ya mitihani miwili, na kwamba tangu Februari 2023 muda wa kuunganisha umeongezwa hadi miezi 12, mradi usishuke zaidi ya nusu alama katika kipengele chochote. Septemba nikapata 6.5 ya kuandika, huku kusoma kukishuka hadi 6.5. Wakayaunganisha, wakayakubali. Kama umekosa kwa nusu alama, usianze kulipia mtihani mwingine kabla hujasoma kanuni hiyo.

Kilichoniinua kwenye kuandika ni mwalimu wangu wa zamani wa sekondari. Alisoma insha yangu akasema, "Mwanangu, unaandika kama unakabidhi zamu." Ilikuwa kweli. Miaka sita ya ripoti za wodi ilinizoesha vipande: mgonjwa anaendelea vizuri, dripu inatembea, kidonda kimefungwa. Alinilazimisha kila usiku niandike aya moja yenye wazo moja, nilieleze mpaka mwisho. Wapo wanaochagua OET badala ya IELTS kwa kuwa imetungwa kwa ajili ya watu wa afya na barua unayoandika ni ya kumhamisha au kumruhusu mgonjwa. Kama ningeanza upya ningeifikiria.

Mtihani wa kompyuta, CBT, niliufanya Nairobi kwa sababu ndiko nilikopata nafasi ya karibu. Nilipanda gari asubuhi Moshi, tukapita Arusha na Namanga, nikalala kwa binti wa shangazi, mtaa wa Umoja. Una sehemu mbili: maswali 15 ya hesabu za dawa kwa dakika 30, halafu maswali 100 ya uuguzi kwa saa mbili na nusu. Usiidharau ile ya hesabu. Ni hesabu za wodini kweli, kama mtoto wa kilo 20 anayetakiwa miligramu 15 za parasetamo kwa kila kilo, na dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, utampa mililita ngapi? Ni 12.5. Ukizoea kukadiria kwa kijiko, hapo utaumia. Sehemu ya pili inapima namna wanavyofikiri wao: nani aambiwe, nani asiambiwe, mgonjwa akikataa matibabu unafanya nini. Soma kanuni za maadili za NMC, ziko bure mtandaoni, na uzisome zaidi ya mara moja.

Makaratasi. Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona wengi wakikwama hapa kuliko kwenye mitihani. Cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, na pasipoti ina jina la mume wangu. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza. Kule, kwa macho yao, hao ni watu watatu. Nilikwenda kwa wakili nikala kiapo kwamba majina yote ni yangu, nikaambatanisha cheti cha ndoa, na kwa kuwa kilikuwa kwa Kiswahili nikalipia tafsiri rasmi. Fanya hili kabla ya yote. Ukisubiri waulize, utapoteza wiki.

Jambo lingine, uthibitisho wa usajili wako hawaupokei ukiwa umeubeba mkononi. Unatoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania moja kwa moja kwenda kwao. Hakikisha leseni yako ya nyumbani iko hai siku unapoomba huo uthibitisho. Ya kwangu ilikuwa imebakiza wiki tatu kuisha, na ilibidi kwanza nihangaike na alama za mafunzo kazini ndipo nihuishe. Hati ya polisi ya tabia njema, ile ya alama za vidole, iache ije karibu na mwisho, kwa kuwa ina muda wake wa kukubalika.

Kazi niliitafuta kwenye tovuti ya ajira ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, mwenyewe. Niliomba sehemu 31, nikaitwa usaili wa video mara tatu, nikapata moja. Viza ya watumishi wa afya ilitoka haraka kuliko nilivyoogopa, na mwenye viza hiyo halipi ile tozo ya afya ambayo wahamiaji wengine wanalipa. Agosti 2024 nikaondoka.

Sasa mtihani wa vitendo, OSCE. Ukishaanza kazi, mwajiri anatakiwa akupeleke ndani ya wiki 12, na hadi hapo hufanyi kazi kama muuguzi kamili. Niliufanyia Chuo Kikuu cha Northampton. Vituo ni kumi. Vinne vinamfuata mgonjwa mmoja tangu unapomtathmini, unapopanga huduma, unapotoa dawa, hadi unapomkabidhi kwa mwenzako. Vinne ni vya ujuzi wa mikono, kama sindano ya msuli, kufunga kidonda kwa usafi kamili au kutoa katheta. Viwili vya mwisho ni vya kuandika: kimoja cha maadili, kingine cha kusoma matokeo ya utafiti na kumshauri mgonjwa.

Nilienda nikiwa na uhakika. Sindano nimechoma mamia, vidonda nimefunga vya ajali za bodaboda ambavyo siwezi kuvieleza hapa. Nikafeli kituo cha dawa.

Mgonjwa alikuwa na mzio wa penisilini, na kwenye chati yake wameandika amoksilini, ambayo ni ya jamii hiyohiyo ya penisilini. Niliona. Sikumpa. Lakini kisanduku cha dawa hiyo nilikiacha wazi, nikaendelea na dawa nyingine. Nilipaswa kuandika alama ya kwamba haikutolewa, niandike sababu, na niseme kwa sauti kwamba nitamjulisha daktari. Mtahini hawezi kukupa alama kwa kitu kilichobaki kichwani mwako. Nilipotulia nilielewa kwamba wana haki: muuguzi wa zamu ya usiku atakayekuta kisanduku kitupu atajuaje kama dawa ilisahaulika au ilizuiwa? Nyumbani ningemwambia mwenzangu kwa mdomo, "Huyu usimpe amoksilini," na tungeishia hapo. Na siku ambayo mimi sipo?

Wiki tatu zilizofuata nilifanya mazoezi jikoni, nikiongea peke yangu kama mtu anayesali. "Naangalia jina. Naangalia tarehe ya kuzaliwa. Naangalia mkanda wa mkononi. Una mzio wowote? Naangalia tarehe ya mwisho wa matumizi." Mwenzangu wa nyumba, muuguzi kutoka Kerala, India, alikaa kitini kama mgonjwa na kila niliponyamaza aligonga meza. Kurudia kituo kimoja hadi saba unalipa nusu, pauni 397, na hiyo nililipa mwenyewe. Una majaribio matatu. Novemba nikapita.

Kuna kitu kimoja hakuna aliyeniandaa nacho, nacho ni jina. Mtihani unaanza kwa kujitambulisha na kumuuliza mgonjwa angependa umwiteje. Aliyeigiza mgonjwa alikuwa mzee wa umri wa baba yangu, akanijibu kwa jina lake la kwanza tu. Mdomo ulinigoma. Sisi tunasema shikamoo, tunasema mzee, babu, baba. Mtu wa umri ule sijawahi kumwita kwa jina lake tangu nizaliwe. Nilimwita hivyo, lakini nilihisi namkosea adabu, na kwa dakika nzima nilipoteza mpangilio wa maswali. Wanaojiandaa, fanyeni mazoezi ya hili pia. Kule kumwita alivyoomba ndiyo heshima yenyewe, lakini moyo unachukua muda kuamini.

Ukiniuliza alama: mfumo wa NMC nautathmini nyota nne kati ya tano. Kila hatua ilieleweka, sikuombwa hongo wala sikuambiwa nirudi kesho, na nilipofeli nilipewa maandishi ya kituo gani na kwa nini. Nyota moja naipunguza kwa gharama, kwa sababu pauni 1,170 kwa mtu anayelipwa kwa shilingi ni mishahara kadhaa, na wapo wauguzi wazuri kunizidi ambao wamebaki kwa sababu hiyo tu. Wakala wangu simpi hata nyota moja.

Wapo watakaosema tunaikimbia nchi. Nalisikia hilo, na linaniuma, kwa kuwa naijua wodi niliyoiacha na ninajua usiku mmoja muuguzi mmoja pale anaangalia wagonjwa wangapi. Sina jibu la kumridhisha kila mtu. Ninawasomesha wadogo zangu wawili, mmoja yuko mwaka wa pili wa uuguzi Tanga.

Namba yangu ilitoka Desemba 2024. Kuanzia hapo kuna ada ya kila mwaka, ambayo wakati huo ilikuwa pauni 120, na kila baada ya miaka mitatu unahuisha usajili kwa kuonyesha saa 450 za kazi, saa 35 za mafunzo na tafakari tano za maandishi kuhusu kazi yako. Tafakari ya kwanza nimeshaiandika. Inamhusu mgonjwa wa miaka 84, kitanda cha dirishani, aliyenikataza kumwita bwana, na ambaye sasa kila nikiingia zamu ananisalimia yeye kwanza, "Shikamoo," kwa kuwa nilimfundisha neno lakini sikuwahi kumwambia nani anapaswa kumwanza nani.