Fundi simu wa barabara ya 8 Ngamiani, Tanga, kanipunguzia simu za usumbufu

Jamani mie nauza vitumbua hapa Ngamiani, simu kwangu ndo oda, siwezi kuizima wala kuacha kupokea namba ngeni maana namba ngeni ndo mteja mpya. Sasa toka mfungo uishe zilikuwa zinaingia simu sita saba kwa siku, huyu anauza viwanja, huyu eti nimeshinda zawadi, na wabaya kuliko wote wale wa mikopo ya kausha damu, wananipigia nimwambie binamu yangu alipe. Deni lenyewe silijui! Kumbe binamu kaweka app ya mkopo, kabonyeza ruhusu ruhusu, app ikabeba majina yote ya kwenye simu yake na mie nimo. Siku moja mafuta yamechemka, mkono una unga, napokea nakuta mtu ananitukana huku wateja wanasikia. Nililia.

Shoga yangu akanipeleka kwa huyu fundi. Wengi wanamjua kwa kubadilisha vioo, hii kazi nayo anaiweza. "Shikamoo mama, lete tuione." Hakukimbilia kublok, alisema ukiblok namba moja wanapiga na nyingine. Akaingia seting, akafungua kwenye ruhusa tukaangalia app gani zinasoma majina niliyosevu. Zilikuwa kumi na moja, na tochi imo! Tochi inataka majina ya wateja wangu ya nini? Akaifuta, akafuta na ile ya kupamba picha aliyoweka mwanangu, zingine akazifungia ruhusa mie naangalia, halafu akanirudishia simu akasema mama hizi mbili malizia mwenyewe. Nikamalizia, na sasa hivi nimeshawafanyia majirani wawili.

Akawasha na ile ya kuchuja spam, yaani simu za usumbufu, kwenye sehemu ya kupigia. Nikamuuliza ile app ya Truecaller vipi, akasema inasaidia kukuonyesha nani anapiga, ila jina lake inalipata kwa watu wengine walivyomsevu, kwa hiyo nichague mwenyewe. Mie nimeiacha, sitaki kuhangaika nayo.

Kitu ambacho sikukitegemea, akaniambia piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Nikakuta moja siijui kabisa! Kesho yake nikaenda dukani kwa mtandao wenyewe wakaiondoa. Na zile meseji za matapeli za "tuma kwenye namba hii" akanionyesha kuzipeleka 15040 ya TCRA, wale wanaosimamia mawasiliano. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, unaweza kumwambia anayekupigia matangazo aache kutumia namba yako, na akikaidi iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kumshtakia. Siku hizi nikipigiwa nauliza kwanza, namba yangu umeitoa wapi? Wengi wanakata wenyewe.

Alichukua 5,000, nikakaa lisaa na nusu kwa foleni. Mwezi umepita, simu za promo zimebaki moja mbili kwa siku. Kausha damu bado wanapiga mara mojamoja, hapo simlaumu fundi, namba ilishatoka kwa binamu sio kwangu. Benki Kuu (BoT) 2024 ilitangaza app 69 za mikopo zisizo na leseni, basi kabla hujakopa angalia kwanza kama app ina leseni, maana anayeaibishwa ni mama yako na shangazi yako.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya daftari. Pale mezani kwake kuna daftari la wateja, jina, namba ya simu na tatizo la simu, liko wazi kila anayesubiri analisoma, mie mwenyewe nilisoma namba ya mwalimu wa mwanangu. Nikamwambia fundi, mwanangu wee, kazi yote hii uliyonifanyia halafu namba yangu iko hapa? Akashtuka kweli, akachukua peni akaikwangua namba yangu mpaka karatasi ikatoboka, na juzi nilivyopita daftari sikuliona mezani, liko kwenye droo ya bisibisi.